Wekundu Unaoliwa: Mwani katika Chakula cha Samaki wa Mapambo

Samaki hawezi kujitengenezea wekundu wake wote. Weusi hutokana na seli zake mwenyewe. Buluu na mng'ao wa fedha si rangi hasa, ni mwanga unaorudishwa na fuwele ndogo zilizopangwa ndani ya ngozi. Lakini sehemu kubwa ya njano, chungwa na nyekundu hutokana na karotenoidi, kundi la viini vya rangi linalotengenezwa na mimea, mwani, bakteria na baadhi ya kuvu, wala si na samaki. Samaki huvipata kwa kula mwani, au kwa kula mdudu aliyekula mwani, kisha huvihifadhi katika seli za ngozi yake. Samaki wa dhahabu wa China, koi wa Japani na samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika wote wamo katika sheria hiyo moja. Kwa karne nyingi wafugaji waliitumia bila kujua sababu yake, wakaijua katika karne ya 20, na baada ya hapo mwani ukaanza kulimwa na kuuzwa kwenye makopo.

Samaki wa dhahabu ndiye mkongwe wa ufugaji huu. Wachina waliwafuga samaki wekundu waliotokea miongoni mwa samaki wa kawaida wa mabwawa, na wakati wa enzi ya Song (960–1279) ufugaji huo ulikuwa tayari desturi ya makasri. Mfalme Gaozong, aliyeachia kiti mwaka 1162, alikuwa na bwawa la samaki hao huko Hangzhou. Mwaka 1596 Zhang Qiande aliandika kitabu kizima juu ya samaki wekundu wanaofugwa majumbani. Kufikia wakati huo samaki walikuwa wamehamishwa kutoka bwawani hadi kwenye mabeseni na mitungi, na hapo uchaguzi ukawa mkali zaidi: mwenye umbo au rangi ya kupendeza aliachwa azae, mwingine akatolewa.

Uchaguzi ulimpa samaki urithi wa wekundu, lakini urithi huo ni kama chungu kitupu kinachosubiri kujazwa. Kilichokijaza kilikuwa maji ya kijani. Beseni lililokaa juani bila kubadilishwa maji hugeuka kijani kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na wafugaji waliona kwamba samaki waliolelewa humo walikuwa na rangi nzito na miili iliyojaa. Desturi hiyo imedumu Japani, ambako samaki wa dhahabu waliingia kutoka China katika karne ya 16. Maji hayo huitwa aomizu, na wafugaji wa samaki wa dhahabu wa aina ya ranchu huyatunza kama mkulima anavyotunza mbolea: hawamwagi yote, huacha sehemu ya maji ya zamani ili yaanzishe mapya. Hicho ndicho chakula cha mwani cha kwanza kwa samaki wa mapambo, nacho hakikuhitaji kiwanda wala fomula. Ulaya iliwapokea samaki hao katika karne ya 17, ikawaweka kwenye vioo vyenye maji safi ndani ya vyumba vyenye giza, na wengi walipauka. Walikosa jua na walikosa mwani kwa wakati mmoja.

Koi wana asili ya shamba. Katika milima ya Niigata, kwenye vijiji vya Yamakoshi na jirani zake, theluji hurundikana kwa mita kadhaa na zamani ilikata njia kwa miezi. Wakulima walifuga karpi weusi kwenye mabwawa ya kumwagilia majaruba ya mpunga ili wapate kitoweo wakati wa baridi. Mwanzoni mwa karne ya 19, kati ya miaka ya 1804 na 1830, walianza kujitokeza samaki wenye madoa mekundu na meupe, na watu ambao chakula chao chenyewe kilikuwa cha kubahatisha wakaamua kutowala. Uamuzi huo unastahili heshima, kwa kuwa ndio uliozaa biashara nzima. Mwaka 1914 koi wa Niigata walionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Tokyo, na tangu hapo hawakuwa tena siri ya milimani.

Chakula chao cha kwanza kilitokana na kazi nyingine ya vijiji hivyo. Wanawake walifuga nondo wa hariri, na baada ya nyuzi kutolewa walibaki pupa, waliokaushwa na kutupiwa samaki. Pupa wana mafuta na protini nyingi, kwa hiyo koi walikua upesi. Rangi, hata hivyo, ilitoka kwenye bwawa lenyewe. Kila mwanzo wa kiangazi samaki walipelekwa kwenye mabwawa ya udongo yaliyochimbwa kwa ngazi mlimani, wakakaa humo hadi Oktoba, wakila mwani, wadudu wa majini na vijidudu vinavyoishi kwa mwani. Walipovuliwa vuli, wekundu wao ulikuwa umeiva. Wafugaji wa Niigata wangali wanafanya hivyo hadi leo, na mavuno ya vuli ndiyo kilele cha mwaka wao. Tetemeko la ardhi la tarehe 23 Oktoba 2004 liliwakuta katika msimu huohuo, likabomoa mabwawa na kufunga barabara, na baadhi ya koi wa mbegu wakabebwa kwa helikopta ili ukoo usipotee.

Sababu ya haya yote ilianza kufunguka katika maabara. Mwaka 1938 Richard Kuhn na mwenzake Sörensen walieleza kiini chekundu cha kamba-mti, ambacho leo huitwa astaksanthini. Ndicho kinachomfanya kamba awe mwekundu anapochemshwa, kinachoipa nyama ya samaki salmoni rangi yake, na kinachotawala katika wekundu wa koi na samaki wa dhahabu. Swali likawa: samaki wa bwawa, asiyekula kamba, anakitoa wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba samaki wa dhahabu anaweza kukitengeneza kutokana na kiini kingine, zeaksanthini, chenye rangi ya njano ya mahindi. Salmoni hana uwezo huo. Asipolishwa astaksanthini yenyewe, nyama yake hubaki nyeupe. Ukoo wa karpi una bahati hiyo ya kugeuza njano kuwa nyekundu ndani ya mwili. Kwa hiyo mfugaji wa koi hakuhitaji kutafuta kiini adimu cha baharini. Alihitaji chakula chenye zeaksanthini nyingi, na chakula hicho kilikuwa kikielea kwenye maziwa ya magadi mbali sana na Japani.

Chakula hicho ni spirulina, ambayo wanasayansi huiita Arthrospira. Kwa lugha ya kila siku ni mwani, ingawa kwa nasaba ni sianobakteria, viumbe wa kale kuliko mwani wa kweli. Huonekana kwenye hadubini kama uzi uliosokotwa mfano wa springi. Hupenda maji ya moto yenye magadi makali, mahali ambapo viumbe wengi hushindwa kuishi, na kwa sababu hiyo hustawi karibu peke yake.

Watu waliila kabla ya samaki wa mapambo kuilishwa. Wahispania walipoingia bonde la Meksiko katika karne ya 16 walikuta sokoni vipande vikavu vya kijani vilivyovuliwa kwa nyavu kutoka Ziwa Texcoco. Waazteki walikiita chakula hicho tecuitlatl. Kuanzia mwaka 1607 wakoloni walianza kulikausha ziwa, na baadaye desturi hiyo ikapotea. Barani Afrika haikupotea. Karibu na Ziwa Chad wanawake wa Kanembu walikuwa, na wangali, wakivuna mwani huo kutoka kwenye vidimbwi vya magadi vilivyo kati ya vilima vya mchanga. Huukusanya kandokando ambako upepo umeusukuma, huumwaga kwenye mashimo madogo ya mchanga ili maji yanywee, kisha huusawazisha kwa mkono na kuukata vipande kabla haujakauka kabisa. Huitwa dihé, na hupikwa mchuzi wa kulia uji mgumu wa mtama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kuwa ziwa dogo la Kossorom pekee lilitoa takriban tani 40 kwa mwaka.

Sayansi ya Ulaya iliipata dihé mara mbili. Mwaka 1940 Mfaransa Pierre Dangeard aliieleza kutokana na sampuli aliyotumiwa, lakini vita vilikuwa vimeanza na habari hiyo haikusikika. Katikati ya miaka ya 1960 mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Jean Léonard, akiwa safarini Sahara, aliona vipande hivyo sokoni Fort-Lamy, mji unaoitwa leo N'Djamena, akavifuatilia hadi vidimbwini. Karibu na wakati huohuo kampuni ya Sosa Texcoco, iliyokuwa ikivuna magadi kwenye mabaki ya ziwa la Waazteki, ilikuwa ikisumbuliwa na utando wa kijani katika mabwawa yake ya kukaushia. Wataalamu wa Taasisi ya Petroli ya Ufaransa walithibitisha kuwa utando huo ni ndugu wa dihé, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ikaanza kuuza kile ilichokuwa ikikiona takataka. Historia nyingi za spirulina huanzia kiwandani hapo. Haki ni kuanzia kwa wanawake wa Kanembu, kwa kuwa hawakuacha kuivuna hata siku moja.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaujua mwani huu kwa macho hata kama hawajui jina lake. Ndio unaoyapa maji ya Bogoria na Nakuru rangi ya kijani nzito, na ndio chakula kikuu cha heroe wadogo. Waridi la mabawa yao hutokana na karotenoidi za mwani huo, na heroe waliowekwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani walikuwa wakipauka manyoya mwaka hadi mwaka, mpaka watunzaji walipojifunza kuongeza karotenoidi katika chakula. Hata samaki wamo. Perege mdogo wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, huishi katika chemchemi zenye joto linaloweza kupita nyuzi 40 na hula sianobakteria wanaoota juu ya mawe. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipandikizwa Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu, akastawi huko kwa chakula kilekile cha heroe.

Biashara kubwa ilianzia Asia. Kampuni ya Kijapani ya Dainippon Ink and Chemicals, ambayo asili yake ni utengenezaji wa wino, ilianza kulima spirulina nchini Thailand mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikashiriki katika shamba jingine kwenye jangwa la kusini mwa California. Mashamba hayo ni mifereji mipana, yenye kina kifupi, inayozungushwa maji kwa magurudumu ya makasia ili kila uzi wa mwani upate jua kwa zamu. Mavuno huchujwa, hukaushwa kwa hewa ya moto na kuwa unga wa kijani uliokolea. Sehemu kubwa ililengwa kwa binadamu kama kirutubisho, lakini sehemu nyingine iliingia katika punje za kulishia koi. Mfugaji wa mjini asiye na bwawa la udongo wala majaruba akaweza kununua kiangazi cha Niigata ndani ya mfuko.

Spirulina haileti rangi peke yake. Asilimia 55 hadi 70 ya uzito wake mkavu ni protini, na haina ukuta mgumu wa selulosi, hivyo tumbo la samaki huimeng'enya kwa urahisi. Hapo ndipo inapoishinda Chlorella, mwani wa kijani ambao Mholanzi Beijerinck aliutenga mwaka 1890 na ambao Japani na Taiwan zililima kibiashara kuanzia miaka ya 1960. Ukuta wake sharti uvunjwe kwanza kiwandani. Ukuaji wa samaki anayepewa mwani hutokana na jumla ya mambo: protini nzuri, mafuta muhimu, vitamini, na hamu ya kula. Hata hivyo kiasi ni muhimu. Asilimia chache tu za unga huo katika chakula hutosha kwa rangi, na mfugaji wa koi anayezidisha huona weupe wa ngozi ukiingia uwaridi au umanjano, jambo linalomwangusha samaki mashindanoni. Pia kuna kikomo ambacho hakuna mwani unaoweza kukivuka. Samaki asiyezaliwa na seli za kuhifadhi nyekundu hatakuwa mwekundu, na buluu haiongezwi na karotenoidi, hata kopo liseme nini.

Ziwa Tanganyika liliingia katika historia hii kwa mlango wa usafirishaji. Ni ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha takriban mita 1,470, lenye zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ukoo wa perege, na karibu wote hawapatikani kwingine. Wavuvi wa Kigoma, Uvira na Bujumbura walijali dagaa, migebuka na kuhe, samaki wa kuliwa. Wale wadogo wa miambani hawakuwa na thamani sokoni. Mmoja wao, Tropheus moorii, alipewa jina la kisayansi na Boulenger mwaka 1898 kutokana na sampuli za mtafiti J. E. S. Moore, kisha akakaa katika chupa za makumbusho kwa miongo kadhaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa amefanya biashara ya samaki wa Mto Kongo, alianzisha kituo Bujumbura na kuanza kusafirisha sikilidi hai kwa ndege kwenda Ulaya na Amerika. Wapiga mbizi waliwakamata kwa nyavu kati ya mawe, wakawaweka katika mifuko ya plastiki yenye oksijeni. Vitabu vyake vya 1978 na 1989 viliwafundisha wafugaji wa mbali kwamba Tropheus hubadilika rangi kutoka ufuko hadi ufuko. Kila kundi huishi kwenye miamba yake na halivuki mchanga kwenda kwa jirani. Kutokana na hilo majina ya vijiji na rasi za ziwa yakawa majina ya rangi: Ikola mwenye mkanda wa njano, Moliro mwekundu, na wengine wa Bulu na Kasanga. Katika nyumba za Ujerumani watu wasiowahi kufika ziwani wanalitamka jina la Ikola kila siku.

Wafugaji hao walipata hasara kubwa mwanzoni. Tangu Ulrich Baensch alipoanza kuuza chakula cha vipande vyembamba, TetraMin, nchini Ujerumani mwaka 1955, samaki wengi wa matangini walizoea chakula cha dukani, na waliofugwa kwa bidii waliongezewa moyo wa ng'ombe uliosagwa. Tropheus walilishwa hivyo, wakavimba matumbo na kufa makundi kwa makundi. Maelezo yalikuwa ziwani. Samaki huyu hukata nyuzi za mwani juu ya mawe mchana kutwa, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, umeumbwa kwa chakula cha majani kinachopita taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliofanya kazi ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walieleza jinsi Tropheus anavyokata nyuzi ilhali jirani yake Petrochromis huchana kwa meno laini mwani mdogo ulioshika kwenye nyuzi hizo, wote wakila kwenye jiwe moja bila kunyang'anyana.

Suluhisho likawa spirulina. Katika miaka ya 1980 vipande na punje za mwani vilienea madukani, na wafugaji wa Tropheus wakawa wateja waaminifu kuliko wote. Kwao mwani haukuwa pambo la rangi. Ulikuwa tofauti kati ya samaki hai na samaki maiti. Rangi ilifuata kama zawadi. Wafugaji wa mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao nao hula utando wa mawe, walipita njia hiyohiyo.

Wakati huo wanabiolojia walikuwa wakiuliza samaki wenyewe wanaionaje rangi hiyo. Mwaka 1989 Astrid Kodric-Brown alionyesha kuwa madume wa samaki aitwaye gapi waliolishwa karotenoidi walipendwa zaidi na majike. Miaka 10 baadaye Greg Grether na wenzake, wakichunguza vijito vya Trinidad, walikuta kwamba penye kivuli kizito cha msitu mwani ni haba na madume huwa na chungwa hafifu, na penye jua huiva zaidi. Kwa jike, basi, chungwa la dume ni habari ya kweli: dume huyu anajua kutafuta chakula.

Miaka ya 1980 viwanda vya kemikali vilileta astaksanthini ya kutengenezwa kwa ajili ya salmoni wanaofugwa, kwa bei ambayo mwani haukuweza kushindana nayo. Miaka ya 1990 mwani wa Haematococcus, unaogeuka mwekundu kama damu unaponyimwa maji na chakula, ulianza kulimwa kibiashara Hawaii, kisha katika jangwa la Arava huko Israeli. Ni chanzo kizito sana cha astaksanthini, hadi asilimia 4 ya uzito mkavu, na ni ghali. Wafugaji wa salmoni wengi wameukwepa. Wafugaji wa samaki wa mapambo, wanaonunua kwa gramu na si kwa tani, wameukubali.

Upande wa bahari mambo yamekuwa mepesi zaidi. Kangaja wanaosafirishwa hai kutoka pwani ya kusini ya Kenya hutuliza njaa yao matangini kwa karatasi za nori, mwani mwekundu wa Kijapani wa kufungia wali, zikibanwa kwenye kioo.

Katika Ziwa Tanganyika lenyewe, mwani wa mawe uko mashakani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa pwani za Burundi, ambako miteremko imekatwa miti na mvua huteremsha tope hadi kwenye miamba, zina aina chache za viumbe kuliko pwani zenye misitu. Mwaka 2003 watafiti wengine walikadiria kuwa kupanda kwa joto kumepunguza uzalishaji wa mwani wa ziwa kwa takriban asilimia 20, kwa sababu maji ya juu yaliyopata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Tope linapofunika jiwe, mwanga haufiki na nyuzi za mwani hufa. Tropheus wa ufuko huo hana pa kwenda, kwa kuwa havuki mchanga.